Mwenye Hadubini na Ajifunze Kuiamuru Kompyuta

Askari akipelekwa kujifunza silaha mpya, hakuna anayeshangaa. Akipelekwa kujifunza udereva, ufundi wa redio au upishi wa kikosi, wenzake humpongeza na kumtakia safari njema. Lakini siku hizi limezuka shauri moja ambalo, kila litajwapo mabwenini na katika mess zetu, huleta kicheko. Nalo ni kwamba mtaalamu wa maabara, aliyefunzwa kupima damu na kutazama vijidudu kwa hadubini, aombe ruhusa ya kwenda kujifunza kuandika programu za kompyuta. Huambiwa, "Wewe ni mtu wa malaria, kompyuta waachie watu wa signali." Katika makala haya twapenda kueleza kwa nini kicheko hicho si cha haki, na kwa nini sisi wenyewe, tuliowahi kucheka pamoja na wachekao, tumeacha.

Tuanze na kisa kilichotugeuza mawazo. Katika kikosi kimoja tulichowahi kukitumikia palikuwa na sajini wa maabara, mtu mpole, aliyesoma elimu ya viumbe kabla ya kuvaa sare. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akiandika katika madaftari yake kila askari aliyepimwa malaria: namba yake ya jeshi, kombania yake, tarehe na matokeo. Mwaka ulipokwisha, wakubwa walitaka kujua ni kombania gani iliyougua zaidi. Sajini alikaa majuma mawili na kalamu na mashine ya hesabu. Jawabu lilipotoka, kombania moja ilionekana kuwa na wagonjwa karibu mara mbili ya nyingine zote. Mara ikasemwa kwamba vijana wa kombania ile hawalali katika vyandarua, kwamba ni wazembe, na kwamba wanaharibu sifa ya kikosi. Sisi, kwa kuwa ndiyo kazi yetu, tukaandika tangazo kali la kuwakaripia, lisomwe kwenye gwaride la Jumatatu.

Ijumaa jioni sajini alitujia ofisini, daftari mkononi. "Afande," alisema, "naomba tangazo hilo lingoje kidogo. Nimejumlisha mara ya pili, na hesabu ya leo si ile ya juzi." Tulimwuliza ipi ndiyo ya kweli. Akajibu, "Sijui, afande. Ndilo jambo linaloninyima usingizi." Tangazo likangoja.

Sajini huyo ndiye yule tuliyekuwa tukimcheka. Miezi kadhaa kabla ya hapo alikuwa amejipatia kompyuta kuukuu, na baada ya saa za kazi alikuwa akijifundisha kidogo kidogo lugha ya kompyuta iitwayo Python. Sasa yeye na karani mmoja waliyaingiza madaftari yote katika kompyuta, mstari kwa mstari, kisha akaiandikia mashine amri zake. Siku ya kwanza mashine ilimpa upuuzi mtupu. Kwake neno "chanya" lililoandikwa kwa herufi ndogo na neno lilo hilo lililoanza kwa herufi kubwa yalikuwa mambo mawili tofauti, kwa kuwa mashine haikisii nia ya mtu. Akasahihisha. Siku ya pili aliona jambo ambalo kalamu yake haikuwahi kumwonyesha: katika kombania ile iliyolaumiwa, namba zile zile za askari zilikuwa zikirudi tena na tena, baada ya siku kumi, baada ya siku kumi na nne, baada ya siku ishirini.

Hapo elimu yake ya viumbe ikafanya kazi. Kila mtu wa maabara ajua kwamba aina moja ya vipimo vya haraka vya malaria, inayotumika sana, hutafuta protini ya kijidudu na si kijidudu chenyewe. Na protini hiyo huweza kubaki damuni kwa majuma kadhaa baada ya mgonjwa kunywa dawa na kupona. Mhudumu wa afya wa kombania ile alikuwa mtu wa bidii kupita wenziwe. Kila aliyetibiwa alimrudisha kupimwa, na kila mara kipimo kilisema "chanya", na kila mara daftari lilimhesabu kuwa mgonjwa mpya. Sajini akaiamuru mashine hivi: kama namba ile ile itaonekana chanya tena kabla ya majuma manne kupita, usiihesabu mara ya pili. Ile tofauti kubwa ikayeyuka kama umande. Kombania tuliyotaka kuiaibisha mbele ya kikosi kizima kwa uzembe ndiyo iliyokuwa ikiwatunza wagonjwa wake kwa uangalifu kuliko zote. Mpaka leo vijana wale hawajui jinsi walivyoponea chupuchupu.

Tumesimulia kisa hiki kirefu kwa sababu kinajibu swali la kwanza la wachekaji, yaani, kwa nini kazi hii asipewe mtu wa signali? Mtu wa signali ni hodari, na kompyuta aijua kuliko sajini. Lakini angepewa madaftari yale, angeyajumlisha kwa usahihi kamili na kuleta jawabu la uongo, kwa kuwa hakuna aliyemfunza kwamba kipimo huweza kusema "chanya" juu ya mtu aliyekwisha pona. Naye mtu wa maabara asiyejua kuiamuru mashine angebaki na elimu yake moyoni na hesabu mbili mezani zisizopatana. Ilihitajika elimu zote mbili zikutane katika kichwa kimoja. Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na anayelala katika kitanda cha maabara ni mtu wa maabara.

Isidhaniwe kwamba makosa ya namna hii ni ya kambini tu, au ya nchi zetu tu. Wanasayansi wa dunia nzima wamezoea kuweka orodha za chembe za urithi katika programu ya majedwali iitwayo Excel. Baadhi ya chembe hizo zilikuwa na majina ya kifupi kama MARCH1 na SEPT2. Programu ile, kwa kujifanya mjuzi, iliyageuza majina hayo kuwa tarehe za mwezi wa Machi na wa Septemba, bila kumwuliza mtu. Mwaka 2016 watafiti waliochunguza makala za sayansi zilizoambatana na orodha kama hizo waligundua kwamba kiasi cha moja katika kila tano ilikuwa na makosa ya aina hiyo. Hatimaye, mwaka 2020, kamati inayosimamia majina ya chembe za urithi za binadamu iliona heri kubadilisha majina yenyewe kuliko kungoja watu wote waache kukosea.

Mwaka huo huo wa 2020, Uingereza, nchi yenye mashine za kila aina, ilipoteza kwa muda taarifa za watu 15,841 waliopatikana na ugonjwa wa Covid-19 kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba. Sababu yake ilikuwa ndogo mno. Taarifa zilikuwa zikipitishwa katika faili la mtindo wa zamani lisiloweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Zilizozidi zikaachwa nje kimya kimya. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, lakini wale waliokaa nao karibu hawakufuatwa kwa wakati. Kila askari aelewe maana ya jambo hili. Ni sawa na doria iliyomwona adui na kuleta habari, kisha karatasi ikadondoka nyuma ya kabati. Adui hangoji kabati isogezwe.

Sasa tutazame kwa nini haja hii imekuja katika zama zetu na si zama za babu zetu. Zamani mtaalamu wa viumbe alitazama, akachora, akahesabu kwa vidole na kuandika. Leo mashine za maabara husoma urithi wa kiumbe herufi kwa herufi, na herufi hizo ni nne tu: A, C, G na T. Mwaka 1977 Frederick Sanger na wenziwe, huko Cambridge, walisoma urithi wote wa kirusi kidogo kinachoshambulia bakteria; ulikuwa na herufi zipatazo 5,400. Urithi wa kirusi cha Ebola una herufi kama 19,000. Ule wa kijidudu cha malaria kali, uliotangazwa mwaka 2002, una kama milioni 23. Ule wa binadamu una kama bilioni tatu. Mtu akikaa kuusoma kwa sauti, herufi moja kwa kila sekunde, bila kulala wala kula, atamaliza baada ya miaka 95.

Mtu aweza kusema kwamba Ebola basi ni ndogo. Herufi 19,000 zasomeka kwa saa tano na ushei. Ni kweli. Lakini kazi haiishii katika kusoma. Kazi ni kulinganisha. Mwaka 2014, ugonjwa ulipopamba moto Sierra Leone, wataalamu walisoma urithi wa virusi 99 kutoka kwa wagonjwa 78. Ukitaka kulinganisha kila kirusi na kila mwenziwe, una jozi 4,851. Na kwa mwendo ule wa herufi moja kwa sekunde kazi hiyo itakuchukua karibu miaka mitatu. Kompyuta iliyoamriwa vizuri huifanya kwa muda mfupi sana. Na kutokana na kulinganisha huko ilijulikana kwamba ugonjwa ulikuwa ukienea kutoka mtu hadi mtu, wala haukuwa ukizuka upya kila mara kutoka kwa wanyama. Habari ya namna hiyo humwambia kamanda wapi aweke askari wake. Tuwakumbuke pia kwa heshima: watano miongoni mwa walioshiriki katika kazi hiyo walikufa kwa Ebola kabla makala yao haijachapishwa, akiwamo daktari mashuhuri wa Kenema, Sheik Humarr Khan. Kwao wale kazi ya herufi na hesabu ilikuwa vita kamili.

Nasi hapa Uganda tunaufahamu uwanja huo wa vita. Ebola ilipoingia Gulu mwaka 2000, ikafika mpaka Masindi na Mbarara, watu 425 waliugua na 224 wakafa, akiwamo Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor. Mwaka 2007 ugonjwa ulizuka Bundibugyo, na baadhi ya vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya Ebola zilizokwisha julikana vikasema hapana kitu. Vipimo vingine vya mtego mpana zaidi vikasema pana kitu. Ilipasa urithi wa kirusi usomwe ndipo ikathibitika kwamba hii ni aina mpya kabisa, ambayo hata leo dunia nzima yaiita kwa jina la Bundibugyo. Mwezi wa Septemba 2022, ilipozuka Mubende, wataalamu wetu wa Entebbe walithibitisha kwamba ilikuwa aina ya Sudan. Jambo hilo halikuwa la kitabuni tu, kwa maana chanjo iliyokuwapo ilikuwa ya aina ya Zaire, na haikutegemewa kuikinga hii. Watu 142 walithibitishwa kuugua na 55 kati yao wakafa, kabla mwisho wake haujatangazwa tarehe 11 Januari 2023. Anayejua ni aina gani ya adui aliyeko mbele yake hataacha watu wake wajifiche nyuma ya ngao isiyofaa.

Ndugu zetu wa polisi nao wasidhani kwamba shauri hili ni la hospitali za jeshi peke yake. Katika maabara za upelelezi, damu au mate yaliyopatikana mahali pa uhalifu mara nyingi huwa mchanganyiko wa watu wawili au watatu. Siku hizi ni programu ya kompyuta inayokadiria uzito wa ushahidi huo. Mwaka 2015 wenye mamlaka katika jimbo la Queensland, Australia, walikiri kwamba kosa katika maandishi ya programu ya namna hiyo lilikuwa limegusa matokeo ya kesi 60. Sasa tujiulize: afisa wa maabara akisimama kizimbani, na wakili akamwuliza jinsi namba ile ilivyopatikana, atajibu nini? Akisema, "Mashine ndiyo iliyosema," hajatoa ushahidi. Amepeleka salamu tu. Uhuru wa mtu hauwezi kutundikwa juu ya salamu. Si lazima afisa huyo awe ndiye aliyeiandika programu. Lakini yampasa aweze kuisoma, kuijaribu kwa sampuli ambazo majibu yake yanajulikana, na kutambua inapopotoka.

Huenda msomaji akauliza kama elimu hii haina ugumu usiowezekana kwa mtu wa makamo. Twaamini kwamba askari ana njia fupi zaidi kuliko raia. Programu ni nini? Ni amri zilizopangwa kwa taratibu, moja baada ya nyingine, zisizo na utata. Nani ajuaye amri kuliko sisi? Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba amri mbaya ikitekelezwa vizuri huleta maafa, na kwamba mwenye kosa ni aliyeitoa. Kompyuta ni kuruta wa ajabu: hachoki, hanung'uniki, wala hatumii akili yake hata kidogo. Ukimwambia ageuke kulia, atageuka kulia hata kama kulia pana shimo. Mtu akijua mambo matatu, yaani kuhifadhi kitu kwa jina, kusema "kama ni hivi, fanya hivi", na kusema "rudia mpaka orodha iishe", amekwisha pita lango la kambi. Yaliyobaki ni mazoezi, kama kwata.

Wala lugha zenyewe haziuzwi. Python ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. R, inayopendwa sana na watu wa takwimu na viumbe, ilianzishwa katika miaka ya 1990 na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand. Zote mbili hupatikana bure. Na mtu asifikiri kwamba kuanza kutoka elimu nyingine ni aibu. Margaret Dayhoff wa Marekani alisomea kemia. Katika miaka ya 1960 akaziamuru kompyuta zilizokuwa kubwa kama chumba ziunganishe vipande vya protini, na mwaka 1965 yeye na wenziwe wakatoa kitabu kilichokusanya mpangilio wa protini zipatazo 65. Katika mkusanyo mdogo namna hiyo ndimo ulimoota mti ambao leo dunia nzima inakula matunda yake.

Pana hoja nyingine ya siku hizi, nayo ni kwamba zimekuja mashine zinazoandika programu zenyewe, ukiziomba kwa maneno ya kawaida. Basi kujifunza kwa nini? Tunajibu kwamba msaada huo ni mwema, na sajini wetu naye sasa huutumia. Lakini mtu asiyejua kusoma ramani hawezi kutambua kwamba kiongozi wa njia amepotea. Mashine hiyo ingeandika kwa ufasaha hesabu ya malaria, na ingemhesabu yule yule aliyepona mara tatu, isipokuwa awepo mtu wa kuikataza.

Hatusemi kwamba hadubini itupwe, au kwamba kila mwuguzi na kila mganga wa mifugo aache kazi akakae mbele ya kioo. Sampuli iliyochukuliwa kizembe haisafishwi na programu yoyote. Daftari la uongo likiingia katika kompyuta hutoka uongo uliopigwa chapa safi. Aidha, habari za afya za askari ni siri ya askari na siri ya jeshi. Na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuwa na watu wetu wenyewe wanaoweza kuzichambua ndani ya ua wetu, badala ya kuzikabidhi kwa kila mgeni mwenye kompyuta nzuri.

Kwa hiyo twawaomba makamanda mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. La kwanza, kila maabara ya kikosi ipatiwe angalau kompyuta moja ambayo haitakuwa ya kuandikia barua za ofisi. La pili, mtaalamu anayejifunza apewe saa zake katika juma, zihesabiwe kuwa kazi kama lindo linavyohesabiwa, na walio bora wapelekwe vyuoni. Chuo Kikuu cha Makerere kipo karibu, na elimu hii hufundishwa huko. La tatu, ambalo halihitaji hata shilingi moja, kicheko kikome.

Nanyi vijana wa maabara, wa jeshi na wa polisi, msingoje barua ya mafunzo ndipo muanze. Chukueni daftari lililoko mezani penu leo, swali moja dogo ambalo mnalijua jibu lake, na muiamuru mashine ilijibu. Ikikosea, tafuteni kwa nini. Tangazo letu lile la kuikaripia kombania isiyo na hatia tunalo bado katika jalada. Halikusomwa, kwa sababu mtu mmoja mpole alikubali kuwa kuruta tena. Shime, ndugu zetu, msione haya kuwa makuruta.